Bi Odile Aliyefuta Meno ya Rémi

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi Odile Marsollier anavua aproni yake baada ya miaka arobaini na moja kwenye karakana yetu ya vyombo vya fedha hapa Paris. Bosi wetu, Bwana Lespinasse, amesema niandike mimi kwa sababu benchi langu liko ubavuni mwa lake. Nimesoma kidogo, kwa hiyo nitaandika kama tunavyoongea saa ya kahawa.

Alianza kazi akiwa msichana, karakana ikiwa bado chini ya baba yake bosi. Kazi yake ni ya mwisho kabla chombo hakijarudi kwa mwenyewe: kusugua fedha kwa jiwe la akiki lililofungwa kwenye mpini, kwa maji ya sabuni, mpaka ing'ae toka ndani. Mabakuli ya supu ya zama za wafalme, mabirika ya chokoleti, vijiko vya familia ambazo hata zenyewe zimesahau vilitoka wapi, vyote vimepita mapajani pake. Akigeuza chombo na kuona alama ya fundi wa zamani, ile chapa ndogo ya umbo la almasi yenye herufi, humsalimia kwa jina na kumlaumu kama jirani. "Wewe Étienne, huu mkono wa birika uliufunga ukiwa na njaa?"

Uma ndiyo ilikuwa ugomvi wake mkubwa. Kwetu uma hulazwa mezani kifudifudi, maana herufi za familia huchongwa mgongoni. Mwaka juzi kwenye karamu ya Krismasi tulilaza uma zote chali. Alizunguka meza nzima akizigeuza moja moja, supu ikipoa. "Mnaulaza uma wa watu chali kama mgonjwa hospitali." Bosi mwenyewe akaweka kijiko chini kumsubiri.

Mimi nilipoingia nilikuwa na mimba ya mwanangu Noé, na harufu ya dawa za kusafishia ilinifukuza benchini. Bi Odile alihamisha benchi lake akanipa upande wa dirisha. Mtoto alipozaliwa akaniambia, "Mama Noé, mkono wako sasa umelainika, utasugua vizuri zaidi." Sijui kama ni kweli, ila niliamini, na nikasugua vizuri zaidi.

Lakini linalotufanya tumpende ni lile la kikombe.

Alikuja mama mmoja, Bi Villedary, na kikombe cha fedha alichopewa mwanawe siku ya ubatizo. Kitako kilikuwa kimeachia, akaomba kilehemiwe tu. Alitusimulia bila kuulizwa. Mwanawe Rémi alikuwa Lyon, waligombana kwenye mazishi ya baba yake na tangu hapo hawakusemezana. Amesikia kwamba Rémi amepata binti, Lucile. Anataka kumtumia mtoto kikombe cha baba yake, labda Rémi akikiona moyo utalegea.

Kitako kikalehemiwa. Kikafika kwa Bi Odile apitishe jiwe. Ukingoni kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, na jicho la mtu wa kazi yetu likiona kishimo halitulii. Akavisugua bila malipo, kwa huruma yake, mpaka ukingo ukawa laini kama siku ulipotengenezwa. Alitaka kumfurahisha yule mama.

Bi Villedary alikuja kukichukua. Akapitisha kidole gumba ukingoni, akakizungusha mara ya pili, akasimama. "Meno ya Rémi yako wapi?"

Bi Odile akaliweka jiwe lake chini.

"Alikuwa anaota meno, haachi kukitafuna. Hilo ndilo nililotaka alione." Akakisukuma mezani na karatasi yenye anwani. "Kitumeni tu hivyo hivyo. Hatakijua. Sasa ni kikombe cha dukani."

Alipotoka, bosi alisema taratibu kwamba vishimo vinaweza kugongwa tena kwa patasi ndogo, nani atajua. Bi Odile akakataa. "Bosi, patasi haijawahi kuota meno."

Jumamosi akapanda treni kwenda Lyon, kikombe kwenye mkoba, nauli yake mwenyewe. Jumatatu alitusimulia huku anasugua, hatukufanya kazi asubuhi yote.

Rémi alifungua mlango kambeba mtoto, akakiona kikombe mkononi mwa Bi Odile. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Mama yako hajui niko hapa. Alikutunzia alama za meno yako miaka yote hii, mimi nikazifuta nikidhani nasafisha. Nimekuja uniseme mimi, si yeye."

Rémi akakichukua. Kidole gumba chake kikazunguka ukingoni, vilevile kama cha mama yake. Kisha akaanza kucheka. "Umefuta yote? Bibi, kazi ile ilinichukua mwaka mzima."

Lucile naye alikuwa anaota meno. Akakivuta, akaking'ata. Rémi alitaka kumnyang'anya, Bi Odile akamshika mkono. "Mwache. Yuko kazini."

Walimtazama anatafuna. Halafu Rémi akatoa simu. Ikalia muda mrefu, ikapokelewa.

"Mama, kikombe kimefika." Akamtazama Lucile. "Kimeshaharibika. Njoo uone."

Bi Villedary alikwenda wiki ile ile. Na hapa karakanani tangu siku hiyo hakuna anayegusa kishimo bila kumuuliza mwenye chombo: hiki tukiondoe, au ni cha mtu?

Ijumaa watakuja wote watatu kwenye karamu ya kumuaga. Bi Villedary amepiga simu kuomba meza yao iwe na viti vinne: chake, cha Rémi, cha Lucile, na kimoja katikati yao.

Hicho ni chako, Bi Odile. Asante kwa dirisha, kwa jiwe na kwa subira. Unakwenda La Rochelle kwa dada yako. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka na mikono iliyokauka sabuni. Ila kwanza njoo ukae hapo katikati, ule chakula kikiwa bado cha moto.