Marehemu Makarius na Shimo Lake la Divai

Padre Gelasius, ndugu mliotoka Usevya, majirani wa Kasokola, na nyie mliotembea toka Makanyagio na jua hili, kaeni vizuri, maana yanayosomwa hapa ni maisha ya mtu aliyeamka mzima Jumamosi, akala viazi vyake, akakaripia mbuzi aliyekuwa anatafuna majani ya mizabibu, na kabla ya saa sita mchana alikuwa maiti, bila homa, bila nyoka, bila kuangukiwa na mti, na mpaka dakika hii familia haijaamini.

Marehemu Makarius alizaliwa Jumapili tarehe 2 Januari 1921, Usevya, katika nchi ya Mpimbwe, mtoto wa pili wa mzee Silvesta na mama Cecilia, wote marehemu, akitanguliwa na dada yake Pelagia, aliyembeba mgongoni mpaka akaota kibyongo cha utotoni, na ambaye hakuwahi kumsifu mbele za watu, kwa sababu mwanaume akisifiwa anaacha kulima.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1931, akamaliza darasa la nne mwaka 1934, dada yake akiwa ameishia la pili, na tangu hapo kila mmoja alimwona mwenzake hajui kitu.

Tarehe 6 Aprili 1936 aliajiriwa jikoni kwa masista, akakabidhiwa ufunguo wa stoo ya divai na Sista Séverine, mama mfupi mkali, aliyezaliwa Ufaransa katika kijiji ambacho watu wanalima mizabibu kama sisi tunavyolima mahindi, na huyo ndiye aliyemtia Makarius wazimu wa divai uliomchukua maisha yake yote. Alimfundisha kwamba zabibu haihitaji hamira wala kimea, ikipondwa tu inaanza kuchemka yenyewe bila moto, kwamba rangi nyekundu inakaa kwenye ganda, hivyo zabibu nyeusi ukizikamua upesi na kutupa maganda unapata divai nyeupe, kwamba chupa hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa na kuigeuza divai siki, na kwamba divai inapenda ubaridi, giza na kutosumbuliwa, kama mgonjwa. Alimwambia pia kwamba kinywaji hiki ni cha kale kuliko vitabu, kwamba Nuhu aliposhuka kwenye safina alipanda mizabibu kisha akalewa akalala uchi, na kwamba wafalme wa Misri walizikwa na mitungi yao ya divai, imeandikwa mwaka na shamba ilikotoka, habari ambayo Makarius aliirudia kila msibani mpaka watu wakawa wanahama mkeka.

Tarehe 27 Julai 1946 alifunga ndoa takatifu na Verdiana, binti wa kijiji cha Kasekese, mwanamke wa maneno machache, na Mungu akawajalia watoto wanne, Marsela mwaka 1947, Josephat mwaka 1950, Evarist mwaka 1953, aliyefariki kwa surua akiwa na miaka miwili, na Getrude mwaka 1958.

Mwaka 1951 alihamia Mpanda mjini na kupata kazi ya kuhudumia meza kwenye mesi ya wazungu wa mgodini, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1960, kisha akawa mtunza sakristia wa parokia mpaka Desemba 1973, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amelewa, jambo lililowachukiza walevi wengi. Kila alipopata divai kidogo alikuwa anamimina nusu ya bilauri tu, anaizungusha, anaingiza pua, anafumba macho, ndipo anaonja tone dogo na kulitembeza mdomoni, na jirani yake Ponsian alipomwuliza, wewe Makarius, kinywaji kinanuswa kama ugoro, alimjibu, shemeji, nyie mnakunywa kama mnazima nyumba inayoungua, divai haina haraka, nyekundu inywe na nyama, nyeupe inywe na samaki, na yote ipishe kwanza chakula tumboni. Dada yake alisema hiyo ni njia ya maskini ya kufanya kikombe kimoja kimalize siku nzima, naye akajibu kwamba ndiyo, hasa.

Mwezi Novemba 1973 alisafiri kwa treni mpaka Dodoma, akarudi na vipande arobaini vya mizabibu ndani ya gunia bichi, amelinyunyizia maji kila stesheni kama anayelea mtoto, akavipanda hapa Kasokola, alikopata shamba, vikashika kumi na tisa. Watu walimwita mzee Nuhu, na aliyeanza kumwita hivyo anajulikana, ni dada yake, lakini Makarius na Verdiana walibeba ndoo toka kijitoni kila kiangazi, na mwezi Agosti mwaka huu 1977 mizabibu ikazaa mpaka matawi yakalala chini. Padre Gelasius alimweleza kwa upole kwamba divai ya altareni haipokelewi hivihivi tu toka shambani, ni lazima Askofu aridhike nayo, naye akasema sawa, basi hii itakuwa ya harusi ya Getrude mwezi wa kumi.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Huku kwetu kila mtu anajua kutengeneza wanzuki, pombe ya asali, tunauacha uchemke uani au chini ya upenu, upepo unapita, na hakuna mzee aliyewahi kuchemsha pombe chini ya ardhi, lakini Makarius alikumbuka ubaridi na giza la stoo ya Sista, akachimba shimo refu kuliko watu wawili, akaingiza mitungi minane ya zabibu zilizopondwa, akalifunika kwa mbao za mninga na nyasi, akasahau kwamba stoo ile ilikuwa na madirisha ya chini pande mbili, na kwamba divai ya mle ilikuwa imekwishachemka zamani huko ilikotoka.

Jumamosi tarehe 3 Septemba 1977, saa nne asubuhi, alishuka kwa ngazi kwenda kuonja, maana desturi ni mwenye pombe aonje kwanza mwenyewe, ameshika kibatari na kata aliyopewa na mke wake. Verdiana alisikia amekohoa mara moja, akamwita, akadhani anamtania, akamwita tena, ndipo akapiga yowe. Ponsian alikuja mbio na majirani wengine, akashuka amefungwa kamba kiunoni, akalegea kabla ya kufika chini, akavutwa, akatapika, na mtu huyo akajaza pumzi kifuani na kushuka mara ya pili, akampitisha Makarius kamba kwapani, lakini aliyevutwa juu, kata ingali imemnasa mkononi, alikuwa ameshakwenda.

Dada yake Pelagia alifika toka shambani na jembe mkononi, akaona ndugu yake amelazwa chini, kata ipo pembeni, akasema mbele ya watu wote, Verdiana, umempa nini ndugu yangu. Neno hilo halikuomba ruhusa, jioni lilikuwa limefika Makanyagio, na Jumapili wanawake waliokuja msibani walikataa ugali uliopikwa na mjane, wakamwondoa karibu na maiti, na wapo wazee wa ukoo waliokaa wakapanga kwamba akishazikwa mume, huyu arudi Kasekese na nguo alizovaa. Verdiana alikaa nyuma ya jiko peke yake, anatazama mikono yake.

Jumapili hiyo hiyo, baada ya Misa, tabibu Maduhu wa zahanati alikuja, akaomba kuku aliye hai, akakamatwa aliye karibu, naye alikuwa tetea wa Pelagia, anayetaga kila siku, akawekwa kwenye tenga, akashushwa kwa kamba, na kabla mtu hajamaliza Baba Yetu akavutwa juu, mdomo wazi, amekufa. Tabibu akashusha kibatari kinachowaka, kikazimika kabla ya kugusa mitungi. Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Tabibu akaeleza kwamba divai inapochemka inatoa hewa nzito, haina harufu ya kukutisha, inakaa shimoni kama maji yanavyokaa kisimani, na anayeingia anazama humo akiwa mkavu. Kisha akaiinua ile kata, akaigeuza mbele ya wote, na kilichodondoka ni vumbi. Makarius alikuwa hajaonja hata tone, na yule kuku hakupewa kitu na Verdiana.

Familia inamshukuru tabibu Maduhu, inamshukuru Ponsian, aliyeshuka mara mbili mahali ambapo wengi hatungeshuka hata mara moja, inawashukuru waliofanya naye kazi mgodini na parokiani, Padre, wanakwaya, na majirani walioleta kuni na maji. Mitungi itatolewa kwa kamba, na shimo litafukiwa, na yeyote atakayeshuka kuiba divai kabla ya hapo ajue tutamzika bila kumsomea historia.

Dada wa marehemu anasema mbele ya jeneza hili kwamba lile neno la Jumamosi lilikuwa lake, hakutumwa na mtu, na lilikuwa uongo. Wifi yake hana hatia. Atakaa kwenye shamba alilolimwagilia kwa kichwa chake, na mzee yeyote wa ukoo anayetaka kumhamisha aanze kwa kumhamisha Pelagia. Chakula cha leo amekipika Verdiana, peke yake, na tukitoka makaburini wa kwanza kunawa mikono ni dada wa marehemu, nyie mtakuwa mnatazama, mwenye njaa atafuata.

Makarius, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, kosa langu nimelisema, sasa pumzika kwa amani.