Magunia Manane Aliyoyakataa Mama Vipimo

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kumfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Vipimo, na naomba mnivumilie, maana karatasi hii ameiandika shemeji, nami nina yangu ya kuongeza.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha kilimo, alikohitimu Novemba 1982 akiwa mkaguzi wa nafaka, wakati huo mimi niko nyumbani napukuchua mahindi, na kutwa naambiwa mwige dada yako, hadi jina lake likawa linanikwama kooni.

Februari 1983 aliajiriwa katika ghala la nafaka, tarehe 17 Agosti 1986 akafunga ndoa na fundi wa magari, ambaye, semeni mtakalo, mimi ndiye niliyemwona kwanza, wakajaliwa watoto watatu, wote wana adabu hadi inakera. Ndiyo, nilimwonea wivu, na mwenyewe alijua.

Sasa, karatasi imeiruka tarehe 28 Mei 1997. Siku hiyo nilipeleka ghalani magunia manane, mavuno yangu ya kwanza ya kujivunia, naye akayachoma bambo, akatoa sampuli, akaipima, akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba yana sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini, yasiuzwe wala yasiliwe. Nikamwambia kijicho kitamuua, nikayarudisha nyumbani kwa ubishi, nikachambua punje nyeusi, nikaosha, nikaanika, ingawa alishanionya kwamba sumu hiyo haionekani kwa macho, na haitoki kwa maji wala kwa moto. Tukala mwaka mzima, hakuna aliyeumwa hata tumbo, na kwa miaka ishirini na sita sikukanyaga kwake, kila niendapo sokoni nikijigamba kwamba afya ya wanangu ndiyo ushahidi kuwa mwenye wivu ni yeye.

Marehemu alianza kuugua figo Oktoba 2021, akatibiwa hospitali ya mkoa, akafariki Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, saa nne asubuhi.

Juzi mume wangu akaniketisha jikoni, akaniambia kwamba tarehe 3 Juni mwaka ule wa magunia, nilipompeleka kitindamimba kliniki, dada alikuja na shemeji kwa gari, wakamwaga mahindi yangu yote, wakayateketeza, wakajaza magunia yangu yaleyale mahindi ya shamba lake, aliyoyapima mwenyewe, wakayafunga kwa kamba zangu, dada akamwapisha mume wangu asiseme, kwani alijua kitu kikitoka mkononi mwake ningekitupa jalalani. Mwaka huo nyumba yake ilikula unga wa dukani, nami nikamcheka kwamba mkaguzi mzima hana hata debe la mahindi.

Wanangu watano ndio wale, mstari wa pili, wazima wote. Jamani, hata kwa hili amenishinda, na wivu nilionao leo haujawahi kunipata, maana mimi, kwa dada aliyenitukana mbele za watu, nisingebeba hata kisado.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana kumlaza na kumwamsha wakati mdogo wake nipo mtaa wa pili nimenuna, pamoja na wenzake wa ghalani, ambao nawaomba radhi kwa niliyowatamkia siku ile.

Pumzika kwa amani, dada, leo sikubishii.