Fundi Chipu na Gari la Muuguzi

Wasikilizaji wapendwa, kila asubuhi Fundi Chipu alifungua kibanda chake, akapangusa waya wa mashine ya kuchongea funguo kwa kitambaa, kisha akaingia kwenye gari lake kuukuu kujaribu ufunguo. Injini ikiwaka, husema kwa sauti: "Bado linanifahamu!"

Binti yake, akipanga bisibisi mezani, humjibu: "Shukuru, baba. Mama leo atakukana kwa hilo shati."

Jumanne iliyopita binti alisubiri mlio wa injini. Kimya. Alimkuta baba ameegemea usukani, ufunguo kiganjani. Moyo ulikuwa umesimama.

Fundi Chipu ametutoka akiwa na miaka sitini na moja.

Alianza ujanani, akichonga funguo za makufuli kwa tupa. Magari yalipokuja na funguo zenye chipu, wenzake waliacha kazi. Yeye alijifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na miwili, bintiye akimsomea maelekezo. Binti alikuwa ametoka chuoni, na cheti chake kilitundikwa kibandani, juu ya kile kioo ambacho baba alijitazamia akichana ndevu.

Chipu, wasikilizaji, ni kidude kidogo ndani ya kichwa cha ufunguo. Gari likikitambua, linawaka. Lisipokitambua, utazungusha mpaka mkono uchoke. Kwa hiyo ukipoteza ufunguo, kupewa mpya hakutoshi. Ule uliopotea lazima ufutwe kwenye kumbukumbu ya gari. Nasema tena: lazima ufutwe. Usipofutwa, aliyeuokota ataliwasha gari lako kama lake.

Miaka miwili iliyopita, muuguzi mmoja alipoteza ufunguo wake. Akatengenezewa mwingine kwa Fundi Chipu. Wiki tatu baadaye gari likachukuliwa mchana kweupe nje ya zahanati. Kioo hakikuvunjwa wala king'ora hakikulia.

Muuguzi alikuja kibandani bado amevaa sare. "Fundi, niliwaamini," alisema.

Fundi Chipu alivua kofia. "Kosa ni langu, dada. Nilisahau kuufuta ule wa zamani."

Binti alikuwa nyuma ya meza, akikaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Akaendelea kuikaza.

Maana kazi ile haikuwa ya baba. Siku ile baba alikuwa amekwenda kununua betri. Aliyeifanya ni binti. Jana ameniomba niyaseme haya kwa niaba yake, kwani kila akijaribu, ulimi unakuwa mzito. Ameniambia alisahau.

Jioni ya siku aliyokuja muuguzi, binti alimfuata baba mezani. "Baba, ile kazi..."

"Kula kwanza."

"Lakini baba..."

"Mwanangu, jina langu limeshatumika, hata likikwaruzika si kitu. Lako bado jipya."

Binti akala. Ameniambia kwamba mpaka leo anaona haya akikumbuka kuwa chakula kile kilimpita kooni vizuri kabisa.

Maneno hayana miguu, lakini hufika. Ikasemwa Fundi Chipu anawagawia wezi funguo. Jirani yake, muuza matairi, alipenda kumtania: "Fundi, kwangu usikanyage, nisije nikakuta nyumba imehama!"

"Ikihama panya watabaki wapi?" Fundi alimjibu, wakacheka wote.

Mjane wake anasema kicheko kile kiliishia mlangoni. "Akifika ndani anakaa na viatu miguuni, kama mgeni. Namuuliza, baba watoto, una nini? Ananiambia kachoka tu."

Wateja walipungua. Binti aliyaona yote. Kila asubuhi alikuja na neno lake tayari, na kila jioni akarudi nalo.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa ndugu wote, poleni sana. Mungu awape moyo wa kustahimili. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani anayebeba lawama yetu, nasi tunamtazama tu?

Karatasi yangu imeishia hapo. Lakini binti, niliyeketi naye hapa studio, anatikisa kichwa. Amevuta kipaza sauti. Karibu, dada yangu.

"Mama muuguzi, kama unasikiliza... sikusahau. Nimemdanganya hata mtangazaji. Ili kufuta, funguo zote zilizobaki lazima ziwepo, na mmoja alikuwa nao mume wako kazini. Ulikuwa na haraka, watu wamejipanga nyuma yako. Niliona haya kukwambia urudi kesho. Nikaruka hatua ile, nikakupa ufunguo wako, nikakwambia tayari. Nilijua ule uliopotea bado unawasha gari. Nilijua siku zote zile tatu... wiki zile tatu. Baba yangu hakuligusa gari lako. Ni mimi, mama. Ni mimi."