Hezekiah Kingori na Mihadhara ya Jumamosi

Bwana Hezekiah Kingori, mratibu wa mihadhara ya umma katika kituo chetu cha elimu ya watu wazima hapa Nyeri, anastaafu tarehe 31 Oktoba 1986 baada ya kutumika kwa miaka ishirini na miwili. Tulimwomba atoe hotuba ya kuaga, akakataa. Alisema amesikiliza hotuba za kutosha.

Kazi yake ilikuwa kuwaalika waandishi wa wasifu waje kusimulia maisha ya watu waliovuma zamani: machifu, wahubiri, wakunga, viongozi wa wakulima. Ukiisikia hivyo utadhani ni kazi ya kukaa. Kingori alipanga viti, akabandika matangazo sokoni, akasimama stendi kwenye manyunyu akimsubiri mgeni ambaye gari lake lilikuwa limeharibika Karatina. Kuna Jumamosi moja ya Julai walikuja wasikilizaji wanne, na mmoja wao alikuwa ameingia tu kukimbia baridi. Mhadhara ulifanyika hata hivyo.

Wengi tunamkumbuka kwa mhadhara wa mwaka 1971. Mwandishi Mutwiri, kutoka Meru, alikuwa akisimulia maisha ya marehemu Chifu Kahiga, aliyetawala wakati wa ukoloni. Wajukuu wa chifu walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Mutwiri alipofika kwenye barabara aliyoijenga chifu, mama mmoja kutoka Endarasha, jina lake Waithira, alisimama nyuma ya ukumbi.

"Hiyo barabara ni sisi tulichimba," alisema. "Na nyumba yetu yenye alichoma, iko wapi kwa hiyo kitabu yako?"

Ukumbi ulichafuka. Mkuu wa kituo wa wakati huo alimwashiria Kingori amtoe nje. Kingori akatembea hadi nyuma, akamshika mama yule mkono, akamleta mbele na kumkalisha kwenye kiti cha mwenyekiti.

"Ongea pole pole, mama," alimwambia. "Huyu bwana anataka kuandika."

Waithira aliongea mpaka jua likashuka. Wajukuu waliondoka bila kuaga mtu.

Haukupita muda mrefu Kingori akahamishiwa Mwea, kufundisha wakulima wa mpunga kusoma na kuandika. Alikaa huko miaka mitatu. Malaria ilimwangusha kila msimu wa mvua, na mkewe, Murugi, alibaki nyumbani kwao Skuta, hapa Nyeri, akiwalea watoto peke yake. Aliporudi, chini ya mkuu mpya, alikuwa amekonda na kichwa kimejaa mvi. Nilimuuliza kama anajuta.

"Sijuti, Karwitha," alinijibu. "Lakini nilichoka huko, na huo uchovu bado uko ndani yangu."

Mutwiri naye alikwenda Endarasha mara nyingi kumsikiliza Waithira na majirani zake. Kitabu chake kikachelewa sana. Kilipotoka kilikuwa na sura nzima juu ya nyumba zilizochomwa. Kingori alimwalika tena, kisha akaenda mwenyewe kumchukua Waithira, ambaye sasa alikuwa ajuza wa kushikwa mkono. Mjukuu mmoja wa chifu alikuja pia, akakaa nyuma kabisa.

Mutwiri alisoma jina la mume wa Waithira, aliyefia kizuizini. Waithira akatikisa kichwa kukubali, akafunga shali yake vizuri, na baada ya muda mfupi usingizi ukamchukua. Mutwiri akasita. Kingori akamwashiria aendelee, ila kwa sauti ya chini, na ukumbi mzima ukainama mbele ili kusikia.

Bwana Kingori, asante kwa kazi ambayo mara nyingi tulikuachia uibebe peke yako. Asante Murugi kwa kutuazima mume. Murugi ametuomba tusije kukutembelea kabla ya mwezi kwisha, kwa maana unahitaji kulala. Tutatii. Tunakutakia siku nyingi, njema, zisizo na haraka.

Karwitha, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako