Dk. Verediana Kalinga na Siku Kumi na Tisa Alizoziacha Wazi

Tarehe 30 Septemba 2025, Dk. Verediana Kalinga anastaafu baada ya kutumikia Idara ya Fizikia ya chuo chetu hapa Mbeya kwa miaka thelathini na mmoja. Amefundisha watu wengi, na baadhi yao sasa ni wakubwa wa ofisi. Lakini sisi tuliokuwa naye kila siku tunajua alitaka jambo moja kuliko yote kabla hajaaga: hesabu yake ya muoni ya miaka kumi na moja isomwe na kukubaliwa na wataalamu wenzake wa dunia.

Muoni ni chembe ndogo sana, hazionekani kwa macho. Zinazaliwa juu kabisa, pale miali inayotoka mbali angani inapogonga hewa, halafu zinatunyeshea usiku na mchana. Jua nalo lina kipindi chake cha kuchangamka na kutulia, kama miaka kumi na moja hivi. Likichangamka, muoni zinapungua kidogo mno. Kuona hicho kidogo, lazima uhesabu bila kuacha, na kila siku saa mbili asubuhi uandike mgandamizo wa hewa, maana hewa ikiwa nzito zinafika chini chache.

Daktari alianza Januari 2013 kwa mtambo aliouunda mwenyewe: vibao viwili vya plastiki maalumu inayotoa mmweko muoni ikipita, na jicho la kunasa mmweko huo kwenye kila kibao, vyote vimefungwa ndani ya kitambaa kizito cheusi ili mwanga wa nje usiingie.

Mtambo wa pili, wa kulinganisha namba, aliupeleka Iringa, Kihesa, nyumbani kwa mdogo wake, Mwalimu Eveline. Alipandia basi Uyole, sanduku refu limefungwa nguo nyeusi, amelishika kwa mikono miwili hataki lichezeshwe. Kufika Igawa abiria walikuwa wameshampa pole. Makambako wakaanza tenzi. Daktari, Mlutheri wa tangu kuzaliwa, akaona kueleza fizikia saa hiyo ni kuwavunja watu moyo, akaimba nao beti zote mpaka Mafinga. Huko mama mmoja akauliza marehemu alikuwa na umri gani. Ikabidi aseme ukweli, na basi zima likamcheka mpaka stendi ya Iringa.

Kosa lililotaka kuiharibu hesabu ile lilikuwa langu. Ilikuwa wiki ya Pasaka ya mwaka 2019, nina wiki mbili kazini, na idara nzima tuko kwenye usafi mkubwa. Nikakiona kile kitambaa cheusi kimejaa vumbi, nikaona aibu. Nikakifungua, nikakifua kwa sabuni ya unga, nikakianika juani. Ndani namba za mtambo zikawa zinakimbia kama zimefukuzwa. Mimi nikadhani mashine imefurahi! Mwanga ulikuwa umeingia, na jicho moja likafa.

Mkuu wa idara wa wakati ule alisema, "Huyu aondoke leo leo."

Daktari akamjibu taratibu, "Na mimi niliyempa ufunguo bila kumweleza, niende wapi?"

Kwenye kaunta buku lake la kila siku akaandika: *Kitambaa kilifuliwa. Sikumweleza mhudumu.* Kesho yake akaniita, akanieleza kila kitu, nimembeba mwanangu Adamu mgongoni. Niliposikia karibu kila sekunde muoni moja inapita kwenye kiganja cha mtu, nikaogopa, nikamuuliza na mtoto je? Akacheka. "Zinampitia tangu azaliwe, mama. Huyo analilia uji tu."

Jicho jingine lilifika kutoka Dar es Salaam baada ya siku kumi na tisa. Tangu hapo kuandika mgandamizo wa hewa wa Mbeya kukawa kazi yangu, wa Kihesa kazi ya Mwalimu Eveline.

Hesabu ilifungwa Desemba 2023, na mwaka uliofuata Daktari akapeleka andiko lake kwenye jarida la nje. Likarudishwa. Wahakiki walitaka moja kati ya mawili: azijaze zile siku kumi na tisa kwa makadirio, au aanze kuhesabu upya kuanzia 2019. Akianza 2019, miaka kumi na moja haipo tena. Jofrey, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mhadhiri, alikuwa ameshapiga makadirio kutoka kwenye namba za Kihesa.

"Daktari, tazama, zinafanana kama mapacha. Tujaze tu, muda umekuishia."

"Mapacha ni watu wawili, Jofrey. Siku zile hapa Mbeya sikuhesabu, basi."

Akaliacha pengo wazi kwenye grafu. Akarudisha andiko, safari hii na nakala ya ukurasa wa kaunta buku, na ile sentensi ya kitambaa imetafsiriwa. Miezi kumi ikapita kimya. Akaanza kufunga vitabu vyake kwenye maboksi, na sisi tunaogopa kumuuliza.

Tarehe 14 Agosti mwaka huu barua ikaja. Andiko limekubaliwa na miaka yake yote kumi na moja, pengo likiwa wazi. Mhakiki mmoja alieleza kwamba ukurasa ule ndio uliomfanya aziamini kurasa nyingine. Daktari akampigia mdogo wake, akamkuta darasani. Mwalimu Eveline akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, na watoto nyuma yake wakapiga makofi bila kujua ni ya nini.

Asante, Daktari, kwa subira yako. Kwa niaba ya idara, na sisi wahudumu, tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya raha na ndugu zako huko Kihesa unakohamia. Jarida lenyewe linachapwa Novemba. Tutakuletea hukohuko kwa mikono yetu, na hatutaondoka mapema, maana limeandikwa kwa Kiingereza, na wengine wetu tunataka kulisikia kwa Kiswahili, kutoka kwako.

Bibie Ahmadi
Mhudumu wa maabara