Phineas Kitsao, Ambaye Hakuzima Tena Mchezo wa Mtu

Msalaba umeandikwa kwamba Phineas alizaliwa mwaka 1966. Sivyo. Kosa ni langu mimi babake, niliyempa mchoraji mwaka huo. Mamake, Kaviha, alinivuta shati tukiwa bado pale pale kwa mchoraji: "Kitsao, wewe! Sitini na sita si ulikuwa bado unakuja kwetu kuniposa?" Rangi ilikuwa imeshakauka. Basi shikeni hii karatasi, si msalaba: Phineas Kitsao alizaliwa tarehe 9 Juni 1967, hapa hapa Utange, akiwa mtoto wetu wa kwanza.

Alisoma shule ya msingi huku huku kwetu, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Hakuendelea, maana mimi mshahara wangu wa kiwanda cha simenti haukufika huko. Aliwahi kufungua redio ya mwalimu mkuu bila ruhusa, akairudisha inalia vizuri kuliko awali, na bado akachapwa.

Mwaka 1982 alikwenda Junda kujifunza ufundi wa redio na televisheni kwa Mzee Jaffar. Mwaka 1989 akafungua chumba chake cha gemu Kiembeni, televisheni mbili na mashine za kuchomeka kaseti. Alikuwa na mawazo yake juu ya michezo ile, na ukimpa sikio hakumaliza upesi. Zaidi ya yote aliupenda mchezo wa vifaru vya vita: wawili mnashika pedi za kuchezea, mnalinda ndege wenu aliyezungushiwa matofali, na mwenzako akiishiwa na uhai anachukua mmoja kwako. "Baba, huu ni mchezo wa ndugu," aliniambia. Ile ya ngumi aliiweka kwa sababu vijana waliitaka, ila alisema watu huingia marafiki wakatoka hawasemezani. Ubaya wa mashine zile ulikuwa mmoja: hazikumbuki. Ukizima, yote uliyofanya yamekwenda, unaanza upya.

Agosti 1990 mdogo wake, Karisa, alikuwa amefika mbali katika vifaru, mahali ambapo kijana mwingine wa Kiembeni hakuwahi kufika. Mamake akamwita akachote maji. Akausimamisha mchezo pale pale kwenye kioo. "Kaka, usizime. Nikirudi namaliza."

Bombani kulikuwa na foleni. Wateja wakajaa, na Badi, kijana wa jirani mwenye mdomo, akasema: "Fundi, hiyo televisheni ama picha ya ukutani? Tuitafutie fremu?" Watu wakacheka. Phineas akachomoa kaseti.

Karisa aliporudi alisimama mlangoni na mtungi begani, akatazama, akasema, "Haya," akaenda zake. Wiki ile ile alipanda lori la kwenda kaskazini bila kuaga. Salamu zake zilitufikia mara chache, bila kutaja aliko.

Phineas alijua moyoni kwamba yeye ndiye aliyemfukuza. Kila dereva wa lori aliyepita Kiembeni alipewa ujumbe: "Ukimwona Karisa, mwambie kaka yake anaomba radhi." Na tangu siku ile hakuzima tena mchezo wa mtu. Ukitoka kula, ukirudi unaukuta. Ukilala kwenu, unaukuta.

Tarehe 5 Desemba 1992 alifunga ndoa na Pascalia, kanisani Kisauni, na Mungu akawapa Rispa na Dhahabu. Pascalia alikuwa akimgombeza: "Baba Rispa, hiyo televisheni inawaka na hakuna mtu. Stima italipwa na vifaru?" Naye alijibu, "Mwenyewe atarudi." Sisi tulidhani anamsema mteja.

Mwaka 1997 rafiki yake Rashid, baharia, alimletea mashine mpya ya sidii. Phineas aliisifu, kwamba watu wa michezo yake wana nyuso na magari yanang'aa, ingawa alilalamika kwamba mmoja anacheza na wenzake wanamtazama tu. Kisha Rashid akamwonyesha kikadi kidogo kinachohifadhi mahali ulipofikia. "Unazima, unakwenda zako, kesho unaendelea." Phineas alikishika kiganjani, akakaa chini. "Kumbe ni kitu kidogo hivi," akasema. Hakucheza tena siku hiyo.

Figo zilianza kumsumbua wakati wa mvua zile kubwa za mwisho wa mwaka. Hospitalini kila nilipoingia aliniuliza, "Baba, Karisa amerudi?" Nami nikisema, "Yuko njiani." Aliaga dunia tarehe 14 Machi 1998.

Ameacha sisi wazazi wake, Kitsao na Kaviha. Mjane wake Pascalia. Binti zake Rispa na Dhahabu. Vijana wa Kiembeni, akiwamo Badi, ambaye leo ni mmoja wa wabeba jeneza. Na mdogo wake Karisa, aliyesikia jina la kaka yake katika matangazo ya vifo redioni, huko Lamu anakooka mikate, akaja.

Alipofika Alhamisi nilimkalisha nikamwuliza kama aliondoka kwa ajili ya ule mchezo. "Mchezo gani, baba?" akasema. "Mimi nilifuata kazi." Nilipomweleza alilia mpaka mamake akamshika. Simlaumu, na ninyi msimlaumu.

Phineas, mwanangu, pumzika, hapa hakuna atakayekuzimia mchezo. Ila nilimwuliza Karisa, nikamwuliza na mchungaji, na sasa nawauliza ninyi: mtu akiomba radhi miaka yote hiyo kwa ndugu asiyejua kwamba amekosewa, anasamehewa na nani?