Mama Persis Bochaberi, Aliyenunua Mashine ya Watu Wawili

Mama Persis Bochaberi Onsongo, tunayemlaza leo hapa Sironga, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961 huko Itumbe, wakati kiwanda cha chai kilikuwa bado hakijajengwa. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Anyona, lakini wa kwanza kuishi. Wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, kwa hivyo alikua bila mtoto mwenzake nyumbani mpaka alipofikisha miaka sita.

Alisoma shule ya msingi huko Itumbe na kumaliza darasa la saba mwaka wa 1976. Hakuendelea. Majirani wasiojua kusoma walimletea barua zao awasomee, na hakuna siku ilisikika amepeleka habari ya barua ya mtu nje.

Mwaka wa 1981 alifunga ndoa katika kanisa la Waadventista na marehemu Ishmael Onsongo, fundi wa mawe. Mungu aliwajalia watoto wanne: Anyona, Purity, Duke na Lewis. Mzee Ishmael alifariki mwaka wa 2009. Baada ya hapo watoto waliondoka mmoja mmoja kutafuta kazi, Anyona akiwa Mombasa, Purity Nairobi, Duke Qatar na Lewis Nakuru. Nyumba ikabaki na Mama na kuku.

Alipika katika shule moja ya bweni kwa miaka ishirini na mitano, hadi mwaka wa 2015. Alipostaafu alijifunza na akina mama wa kanisa kutengeneza soseji za ng'ombe, kwa sababu watu wetu wengi waliogopa za dukani, hawakujua kama zimechanganywa na nguruwe, ambaye sisi Waadventista hatumli. Purity alimtumia mashine ndogo ya kujaza nyama ndani ya utumbo wa soseji. Ilikuwa na gia za plastiki. Miezi mitatu haikuisha, meno yote yakalika, na Mama akarudi kusukuma nyama kwa kidole gumba.

Mwezi wa Machi 2017 akaenda Kisii mjini kwa Bwana Opondo, anayeuza vifaa vya bucha. Bwana Opondo alikuja matangani wiki iliyopita, akatusimulia jinsi walivyoongea siku hiyo.

Mama aliuliza kwanza kama kuna mashine ambayo imewahi kuguswa na nguruwe.

"Mama, si unaona bado ziko kwa karatasi," Bwana Opondo akamwambia.

"Karatasi inaweza kurudishwa."

Akafunua kila moja. Aligonga gia kwa ukucha kusikiliza kama ni chuma. Alitoa mpira wa kuziba, akaukunja, akauliza ukikatika atapata mwingine wapi. Alipitisha kidole ndani ya silinda kutafuta mahali palipokwaruzika, maana nyama hukwama hapo na kuoza. Mwishowe zikabaki mbili, zote za chuma kisichoshika kutu. Moja ilikuwa ndogo ya kusimama, unazungusha kwa mkono huu na kushika utumbo kwa mkono ule. Nyingine ilikuwa ndefu ya kulala, ya kilo kumi. Hiyo mtu mmoja anazungusha huku nyuma na mwingine anapokea soseji kule mbele.

"Unafanya kazi na nani?" Bwana Opondo akauliza.

"Na watoto wangu."

"Wako wangapi?"

"Wanne."

"Basi wewe ni tajiri. Chukua kubwa."

Akaichukua. Wakati huo hakukuwa na mtoto hata mmoja nyumbani.

Mashine ile haijaharibika mpaka leo. Aliiosha kila Ijumaa kabla jua halijatua, akaipaka mafuta ya kupikia, akaifunika kwa leso. Soseji zake zililiwa hapa Nyamira na hadi Nyanchwa. Lakini mkewe Lewis, Linda, ambaye ndiye anawasomea haya, alipoletwa nyumbani mwaka wa 2021 na mtoto wake Sheryl mgongoni, alikuta sakafu ya udongo ya jikoni imechimbika njia kuzunguka meza. Mama alikuwa anazungusha mara mbili, anatembea hadi mbele, ananyoosha soseji, anarudi nyuma, anazungusha tena. Alifanya hivyo miaka minne.

"Mama, kwa nini hukununua ile ndogo?"

"Ndogo ni ya mtu ambaye hana watu," akajibu. "Shika hapo mbele, Mama Sheryl. Usivute, iache ije yenyewe."

Kila Jumapili aliwapigia watoto wake simu. Hakuwahi kuwaambia amechoka. Aliwaambia mashine bado ni nzima, na kwamba mtu akija likizo atapata kazi ya mkono. Walimjibu vizuri, na walimtumia kila alichohitaji. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na Mama mwenyewe alikuwa akisema hivyo kabla mtu hajasema.

Mwezi wa Januari 2024 chakula kilianza kumkwama kooni. Madaktari walisema ni saratani. Alitibiwa Kisii na Eldoret, akarudi nyumbani akiwa anaweza kunywa uji tu, lakini alikaa jikoni kila Alhamisi soseji zikitengenezwa, aonje chumvi kwa ncha ya ulimi. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, kitandani kwake, baada ya kuuliza ni nani amefungua mlango. Ilikuwa ni Sheryl.

Ameacha watoto wanne, Anyona, Purity, Duke na Lewis, mkaza mwana Linda, wajukuu saba, na dada yake mdogo Nyaboke wa Itumbe. Watoto wote wanne wamefika. Ni mara ya kwanza wako pamoja katika boma hili tangu baba yao azikwe. Vitanda vimetandikwa na chakula cha kesho kipo. Kama wanaweza, wasiondoke leo.

Mama Persis alale salama hadi asubuhi ya ufufuo, na siku hiyo asiamke peke yake.